Mkataba wa Biashara Unaoshika Mahakamani: Mwongozo Kamili kwa Mfanyabiashara wa Kigoma

"Mimi niliyesaini hapa chini nimepokea Tsh 2,000,000/= (milioni mbili tu) kwa ajili ya dagaa. Mzigo nitaleta mwezi wa tatu. Nikishindwa, hatua kali za kisheria zichukuliwe dhidi yangu."

Chini kuna jina moja, saini, namba ya simu na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

Karatasi za namna hii zimejaa kwenye droo za maduka kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Mwulize mwenye nayo kama ana mkataba, atakuonyesha muhuri. Muhuri huo haumsaidii sana. Mwenyekiti akiitwa mahakamani atasema aliona watu wawili wakisaini. Hatasema ni kilo ngapi, dagaa wa aina gani, wafikishwe wapi na nani alipe gari, kwa sababu hayo hayakuandikwa na yeye hakuambiwa.

Kuna maswali mawili hapa, na watu huyachanganya. La kwanza, je, makubaliano haya ni mkataba halali? La pili, nikifika mbele ya hakimu nitaweza kuyathibitisha mpaka nipate haki yangu? Wafanyabiashara wengi wa huku kwetu wanafaulu swali la kwanza bila hata kujua, kisha wanaanguka kwenye la pili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu la pili.

Sheria inadai nini

Mikataba yetu inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kuifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872. Msingi uko kwenye kifungu cha 10. Makubaliano yanakuwa mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali, na yasiwe kati ya yale ambayo sheria yenyewe imeyatangaza kuwa batili. Neno muhuri halimo. Wakili hayumo. Hata maandishi si sharti la jumla, ila kifungu hicho kinaziachia sheria nyingine zidai maandishi pale zinapotaka.

Kabla ya hayo yote lazima kuwe na pendekezo na kukubaliwa kwa pendekezo hilohilo. Ukimwambia mtu, "nakuuzia madumu hamsini ya mawese, dumu moja elfu sabini," akajibu, "sawa, ila sitini na tano," huyo hajakubali. Ametoa pendekezo jipya na lako limekufa. Ukikaa kimya ukaanza kupakia, umekubali bei yake kwa vitendo. Mazungumzo ya WhatsApp yanawaponza watu hapa kila siku: ujumbe ishirini, bei tatu tofauti, kidole gumba kimoja mwishoni, na hakuna anayejua kidole kilikubali bei ipi. Dawa yake ni rahisi. Maliza mazungumzo kwa ujumbe mmoja unaokusanya yote, kisha mwombe mwenzako ajibu kwa maneno: "Nimekubali."

Hiari maana yake asiwepo aliyelazimishwa, aliyetishwa, aliyedanganywa au aliyeshinikizwa na mtu mwenye mamlaka juu yake. Hili nalisemea kwa makusudi, kwa kuwa kuna tabia ya kumpeleka mdaiwa kituoni, akalala mahabusu, asubuhi akasainishwa "mkataba wa kulipa deni". Mdai anatoka anashangilia. Lakini mkataba uliosainiwa kwa kutishwa unaweza kutenguliwa na yule aliyetishwa, na ukitenguliwa unarudi ulikoanzia, pengine umepoteza mwaka mzima.

Kuhusu uwezo: awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu wakati wa kusaini, na asiwe amezuiwa na sheria. Mtu aliyelewa kiasi cha kutoelewa anachosaini hana uwezo kwa muda huo, kwa hiyo mikataba ya baa iahirisheni hadi kesho. Kijana wa miaka 16 anayemsimamia baba yake duka anaweza kukuuzia sabuni kama mtu wa baba yake, lakini usimkopeshe mtaji kwa jina lake mwenyewe.

Malipo hapa si lazima yawe fedha. Inatosha kila upande utoe au uahidi kitu chenye thamani: mzigo kwa fedha, kazi kwa mzigo, hata kuvumilia deni kwa muda kwa kupewa dhamana. Ahadi ya upande mmoja tu kwa kawaida haidaiwi. Mteja wako amefurahia huduma, anasema "nikiuza vizuri nitakuongezea laki mbili". Shukuru, lakini usiziweke kwenye hesabu. Kwa upande mwingine, bei kuwa ndogo hakuuvunji mkataba ikiwa uliikubali kwa hiari yako. Hakimu hayuko pale kukusaidia kupatana bei.

Lengo halali ndilo linalohitaji macho zaidi kwa biashara za Kigoma. Mkataba wa kuuziana nyavu zilizokatazwa, au wa kuvusha mzigo kwenda ng'ambo kwa njia ya panya, hauna nguvu hata ukisainiwa na mawakili watatu. Kuna mengine ambayo watu hawayafikirii. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, isipokuwa pale zilipotoa ruhusa, hivyo mkataba wa pango la stoo kwa dola kati ya Watanzania wawili unajitafutia matatizo. Julai mwaka huohuo ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, ikiwemo kununua mazao shambani. Ukikubali kuwa "jina tu" kwenye mkataba kwa niaba ya mgeni anayenunua mahindi Kasulu, usitegemee mahakama ikusaidie mkigombana kwenye kugawana. Na mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Asiye nayo ana kosa, na karatasi yake ya riba haina ubavu anaoutangaza.

Pale ambapo maandishi ni lazima

Ardhi kwanza. Mkataba wa kuuza au kuhamisha haki ya kumiliki ardhi lazima uwe wa maandishi, na ardhi ya kijiji ina utaratibu wake unaopitia halmashauri ya kijiji. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ukinunua duka lenye chumba anachoishi mke na watoto, saini ya mke itafute kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwa bidhaa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 na zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani mpaka mojawapo ya haya liwe limetokea: mnunuzi amepokea na kukubali sehemu ya mzigo, ametoa kishika uchumba (fedha ya kuonyesha nia ya kununua) au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa. Shilingi 200 hainunui hata kiberiti cha maana siku hizi, kwa hiyo biashara yako yoyote inaguswa. Bahati nzuri, malipo ya awali yanatosha, ndiyo maana karatasi ile ya milioni mbili bado ina uhai. Lakini aliyeahidiwa mzigo kwa mdomo tu, bila kulipa, bila kupokea, bila hata ujumbe wa simu, mikono yake mitupu.

Hatua ya kwanza: mjue unayesaini naye

"Bwana Dagaa wa Kibirizi" si mtu kwa sheria. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, namba ya kitambulisho, mtaa, kata na namba ya simu. Kisha linganisha na jina linalotokea unapotuma fedha kwenye namba hiyo. Majina yakipishana, uliza palepale ni nani huyo mwingine, na jibu liandikwe.

Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa Serikali wa kusajili biashara, si kampuni. "Tanganyika Samaki Traders" inaweza kuwa jina tu la mtu mmoja, na ukishitaki unamshitaki mtu huyo. Kampuni ni kitu kingine: ina namba ya usajili, ina wakurugenzi, inashitakiwa kwa jina lake, na madeni yake kwa kawaida si ya mkurugenzi binafsi. Kwa hiyo mkurugenzi akikwambia "mimi ndiye kampuni", mwambie basi asaini pia kama mdhamini kwa jina lake. Akikataa, umepata habari muhimu bila gharama.

Mawakala ndio wanaosumbua zaidi mwaloni. Kijana anakuja, anasema ametumwa na tajiri wa Dar. Piga simu kwa tajiri mwenyewe, kisha dai barua au ujumbe wake unaotaja jina la kijana, kiwango anachoruhusiwa kununua na mwisho wa ruhusa hiyo. Bila hayo unaweza kujikuta unamdai kijana ambaye hana kitu zaidi ya begi la mgongoni.

Hatua ya pili: andika mzigo mpaka asiyekuwepo auone

Turudi kwenye karatasi yetu. "Dagaa" peke yake ni ugomvi unaosubiri siku. Dagaa walioanikwa kwenye chanja na walioanikwa mchangani si mali moja wala bei moja, na mnunuzi wa Kariakoo akikuta mchanga kwenye gunia hatataka kusikia habari za mvua. Kifungu cha mzigo kingeandikwa hivi:

"Muuzaji atamkabidhi Mnunuzi kilo 150 za dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, waliokaushwa kwenye chanja, wasio na mchanga wala ukungu, kwenye magunia matano ya kilo 30 kila moja, yaliyopimwa kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo mbele ya pande zote mbili au wawakilishi wao, kabla ya saa 10 jioni ya tarehe 20 Machi 2026, kwenye stoo ya Mnunuzi iliyopo Mwanga. Mnunuzi atakagua magunia yote siku hiyohiyo. Gunia lisilokidhi vigezo hivi litakataliwa kwa maandishi ndani ya saa 24, na Muuzaji atalibadilisha ndani ya siku 5."

Maneno mengi? Ndiyo. Lakini kila moja linazuia ugomvi mmoja. "Kabla ya saa 10 jioni" linazuia gari la saa tano usiku wakati wapakuzi wameshaondoka. "Saa 24" linamzuia mnunuzi kuuza nusu ya mzigo kwanza ndipo alalamike. Kwa mawese utataja dumu la lita 20 lililojaa, rangi, na kwamba hayajachanganywa na mafuta mengine. Kwa mazao utataja kilo, usiandike "gunia" likaishia hapo, maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bado ipo hata kama imepigwa marufuku.

Sheria ina sababu ya kudai hivi. Makubaliano yasiyoeleweka maana yake, wala yasiyoweza kufanywa yaeleweke, ni batili. "Nitakulipa mambo yakikaa sawa" hayana tarehe, hayana kipimo, hayana pa kushika.

Hatua ya tatu: fedha

Bei ya kilo moja, jumla, kilicholipwa, kilichobaki, tarehe ya kumalizia na njia ya malipo. Kwa mfano wetu: kilo moja shilingi 20,000, jumla 3,000,000, zimelipwa 2,000,000 leo kwa simu kwa namba fulani, kumbukumbu ya muamala imeandikwa, zimebaki 1,000,000 zitakazolipwa baada ya ukaguzi. Andika tarakimu na maneno, visipishane.

Sema wazi kama iliyotolewa ni malipo ya awali yanayorudishwa biashara ikikwama au ni kishika uchumba kinachopotea mnunuzi akighairi. Watu hutumia "advansi" kwa vyote viwili, kisha kila mmoja anakumbuka maana inayompendeza. Sema pia nani analipa ushuru wa halmashauri, upakiaji na usafiri. Vitu vidogo hivi vimevunja urafiki mwingi kuliko bei yenyewe.

Hatua ya nne: njiani na yasiyotarajiwa

Mzigo ukilowa kati ya Uvinza na Tabora, hasara ni ya nani? Msipoandika, kanuni ya sheria ya mauziano ni kwamba hatari hufuata umiliki, na kumkabidhi msafirishaji mzigo kwa ajili ya mnunuzi mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Muuzaji anayejua hili hulala usingizi, na mnunuzi wa Dar anashangaa. Sentensi moja inatosha: "Hatari ya mzigo itabaki kwa Muuzaji mpaka utakapokabidhiwa stoo ya Mnunuzi," au kinyume chake.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Fikiria uliahidi migebuka wabichi kila wiki ya Juni. Kutimiza kumekuwa kosa la jinai. Sura ya 345, kifungu cha 56, inasema mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani au haramu unakuwa batili tangu hapo. Wengi wanaishia hapo wakidhani wamepona. Kuna mambo mawili zaidi. Moja, aliyepokea fedha chini ya mkataba uliogeuka batili lazima azirudishe au afidie. Kufungwa kwa ziwa hakukupi haki ya kula malipo ya awali. Pili, kama ulijua au ungeweza kujua kwa kufuatilia kidogo kwamba ziwa litafungwa, na mwenzako hakujua, utamfidia kwa ahadi uliyoivunja. Tangazo likiwa limeshatoka redioni, hoja ya "sikutarajia" ni nyepesi sana.

Basi liandike lenyewe: "Ziwa likifungwa kwa amri ya Serikali, makabidhiano yataahirishwa hadi siku 30 baada ya kufunguliwa. Mnunuzi asipotaka kusubiri, atarudishiwa malipo yake ndani ya siku 14." Ongeza meli kukwama, barabara kukatika, ugonjwa. Usiandike "na sababu nyingine yoyote", maana huo ni mlango wa kutokea kwa kila mvivu.

Hatua ya tano: mkivunjiana

"Hatua kali za kisheria" haimtishi mtu. Andika kitu kinachohesabika.

Kifungu cha 73 cha Sura ya 345 kinampa aliyeumizwa fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, au ambayo pande zote zilijua wakati wa kusaini kwamba ingetokea. Hasara ya mbali haifidiwi. Maana yake kwa vitendo: kama dagaa hao unawapeleka kwa mteja wa Dar atakayekutoza ukichelewa, mwambie muuzaji leo, ndani ya mkataba. "Muuzaji anafahamu kuwa mzigo huu ni wa kutimiza oda ya tarehe 25 Machi." Bila sentensi hiyo, hasara ya oda yako itaonekana kuwa siri yako mwenyewe. Sheria pia inakutaka upunguze hasara: mzigo usipofika, nunua kwingine kwa bei ya sokoni, tunza risiti, udai tofauti. Ukikaa ukisubiri hasara ikue, sehemu hiyo ni yako.

Mnaweza kuweka kiasi cha fidia mapema, lakini msiwe na tamaa. "Akichelewa atalipa mara tatu" inapendeza kwenye karatasi tu. Kifungu cha 74 kinaipa mahakama uwezo wa kutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi mlichotaja, hivyo mara tatu yako inakuwa dari na wala si haki yako. Weka kiasi kinachoendana na hasara halisi, kwa mfano shilingi 10,000 kwa kila siku ya kuchelewa kwa mzigo wa milioni tatu, hapo hakimu hana sababu ya kukukata.

Wageni wa ng'ambo

Bandari ya Kigoma inalisha Kongo na Burundi, na wafanyabiashara wa Kalemie na Uvira ni wateja wetu wa siku zote. Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, kwa hiyo biashara za kule zinafuata sheria ambazo hazifanani na Sura ya 345. Taja kwenye mkataba sheria ya nchi gani itatumika na mgogoro utapelekwa wapi. Halafu, ukiniuliza maoni yangu, usitegemee kifungu hicho sana. Hukumu ya Kigoma kuitekeleza kule ng'ambo ni safari ndefu na ya gharama. Mteja wa ng'ambo alipe kabla mzigo haujapanda boti. Kama ni mteja wa miaka, basi nusu kabla na nusu kwa wakala wake aliyeko upande huu.

Hatua ya sita: kusaini

Andikeni kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, na mkataba wa Kiingereza ulionakiliwa mtandaoni, wenye vifungu ambavyo hakuna kati yenu anayevielewa, unawaumiza nyote. Asiyejua kusoma asomewe wote, aelezwe kwa Kiswahili au kwa Kiha, na aliyemsomea aandike jina lake na kusaini kwamba amefanya hivyo, kisha mhusika aweke dole gumba. Ukiruka hapo, utetezi wake wa kwanza ni kwamba hakujua kilichoandikwa.

Kila ukurasa upate saini fupi za pande zote. Futafuta yoyote isainiwe pembeni. Nakala mbili halisi, kila mmoja na yake. Mashahidi si sharti kwa mauzo ya kawaida, lakini chagua wanaojua biashara yenyewe na watakaopatikana miaka mitatu ijayo. Binamu anayehamia Mpanda mwezi ujao hakufai.

Wakili anafaa kwa ardhi, mikopo mikubwa na ubia. Hakikisha ni wakili kweli kwa kutafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wenye mihuri wapo. Asiye na uwezo wa kulipa awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kisha ushuru wa stempu, ambao karibu kila mtu huusahau. Kwa hati zinazotozwa, kama za pango na mauzo ya ardhi, unalipwa TRA ndani ya siku 30 tangu kusaini. Hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Wakili wa upande wa pili anaijua sana pingamizi hii.

Hatua ya saba: mkataba ukiwa hai

Mmeandika Machi 20, kisha muuzaji anapiga simu kuomba wiki moja, nawe unasema haina shida. Hapo ndipo mikataba mizuri inapoharibika. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, makubaliano yakishaandikwa mahakama kwa kawaida haisikilizi maneno ya mdomo yanayopingana na maandishi. Mjibu kwa ujumbe: "Nimekubali tarehe ibadilike kutoka 20 hadi 27 Machi 2026, mengine yote yanabaki." Naye ajibu.

Ujumbe wa simu ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba wa kielektroniki na kuweka namna ya kuupokea mahakamani, ambako itaangaliwa kama taarifa ilitunzwa bila kuchezewa. Picha ya skrini pekee ni dhaifu. Tunza simu yenyewe, usifute mazungumzo ili kuongeza nafasi, usiibadilishe simu wakati una deni linaloning'inia. Kumbukumbu za miamala ziombe kwa kampuni ya simu mapema.

Hatua ya nane: kudai

Anza na barua ya madai: taja mkataba, tarehe, kiasi, na siku za kulipa, kwa mfano 14. Ipeleke kwa mkono, asaini kupokea. Akikataa, aliyeipeleka aandike hivyo na tarehe.

Usikimbilie polisi. Kushindwa kulipa deni ni jambo la madai. Linakuwa jinai pale mtu alipojipatia fedha kwa udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano kuuza boti isiyo yake. Na usijichukulie injini ya mtu usiku kwa sababu unamdai; utajikuta mshitakiwa wewe.

Deni dogo la mkataba linakwenda Mahakama ya Mwanzo. Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliweka kikomo chake kuwa shilingi milioni 30 kwa mali inayohamishika, na milioni 200 kwa Mahakama ya Wilaya. Migogoro ya ardhi ina mabaraza yake. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu, kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo mdaiwa anayekuomba muda mpe, ila aombe kwa maandishi.

Ukishinda, fedha haziji zenyewe. Unaomba kukazia hukumu, na mahakama inaweza kuamuru mali zikamatwe na kuuzwa kupitia dalali wa mahakama, au akaunti ishikwe. Dalali hakutafutii mali. Wewe ndiye unayetaja mdaiwa ana nini na kiko wapi. Namba ya usajili wa boti, injini, pikipiki, kiwanja, benki anayotumia: ziulize siku ya kusaini, wakati bado mnacheka pamoja. Na kama boti imeandikishwa kwa jina la shemeji yake, ni bora ulijue hilo kabla hujalipa gharama za dalali.